Wanaotetemeka Busia na Tororo Nao Wahesabiwe

Kuanzia mwaka 2003, pikipiki zilipita kila wiki katika vijiji vya Tororo na Busia, upande wa Uganda, zikipeleka ARV hadi mlangoni kwa mgonjwa. Mradi huo uliendeshwa na shirika la TASO pamoja na CDC ya Marekani. Wagonjwa wake walizidi 1,000, wengi wao wanavijiji ambao nauli ya kwenda kliniki kila mara ingewashinda. Aliyefika na dawa hakuwa daktari. Alikuwa mhudumu aliyefunzwa, na pamoja na vidonge alibeba karatasi ya maswali kuhusu homa, kikohozi, maumivu na dozi zilizosahaulika. Majibu yaliandikwa wiki hadi wiki.

Maandishi hayo yalifichua jambo. Zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa walipatwa na matatizo ya neva, yaani ganzi, michomo na moto wa nyayo. VVU vyenyewe huweza kuumiza neva, lakini lawama kubwa iliiangukia stavudini, mojawapo ya dawa tatu zilizomo katika kidonge cha Triomune kilichotumika sana Uganda miaka hiyo. Stavudini iliokoa maisha ya watu wengi mno, na hilo lisisahaulike. Ila ilikuwa ikikizuia kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria, yaani vile vijiungo vinavyozalisha nishati ndani ya seli. Mitokondria zikichakaa bila kupata nakala mpya za DNA hiyo, neva ndefu kuliko zote, zile zinazotoka mgongoni hadi vidole vya miguu, ndizo hulemewa kwanza. Mwishoni mwa 2009 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilizitaka nchi zianze kuiondoa stavudini, na wagonjwa wakahamishiwa dawa zenye madhara madogo zaidi.

Kwa hiyo watu wa mpaka huu wa Kenya na Uganda wameshaonja miilini mwao kinachotokea mitokondria zinapodhurika. Wameona pia kwamba madhara ya namna hiyo hujulikana pale mtu anapotumwa kuuliza, kuandika, na kurudi tena kuuliza. Upo ugonjwa mwingine wa neva ambao mitokondria zina mkono mkubwa ndani yake, nao unastahili kuulizwa kwa bidii ile ile. Ni ugonjwa wa Parkinson.

Daktari wa London, James Parkinson, aliueleza mwaka 1817. Mkono unatetemeka ukiwa umetulia, mwili unakakamaa, hatua zinafupika, uso unakosa tabasamu na kununa kwake kwa kawaida, kufunga kifungo cha shati kunachukua muda mrefu. WHO ilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani waliishi nao. Vijijini kwetu dalili hizo hupewa majina mengine: uzee, laana, mkono wa jirani mbaya. Utafiti uliofanywa wilayani Mukono, Uganda, ulikuta kwamba nusu ya waliohojiwa hawakujua ugonjwa huu hushambulia kiungo gani cha mwili, na karibu theluthi moja waliuona kuwa aina ya wazimu. Ndiyo maana chama cha wagonjwa nchini humo kilijiita Parkinson's Si Buko, kikikanusha moja kwa moja dhana ya kwamba mgonjwa amevunja mwiko au amerogwa.

Kinachokufa ni seli za sehemu ndogo nyeusi iliyo katika shina la ubongo, iitwayo sabstansia nigra. Seli hizo hutengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuanzisha na kulainisha mwendo. Katika ubongo wenye seli za neva zipatazo bilioni 86, hizi ni laki chache tu. Mkono unapoanza kutetemeka, karibu nusu yao au zaidi zimeshapotea.

Kwa nini zife hizo na si nyingine? Jibu linaanzia kwenye nishati. Mitokondria huchukua elektroni zinazotokana na chakula, huzipitisha hatua kwa hatua katika msururu wa protini, na mwishowe huzikabidhi kwa oksijeni. Nguvu inayopatikana njiani hutengeneza ATP, ambayo seli huitumia kwa kila kazi. Mwanzoni mwa msururu huo pana fungu kubwa la protini liitwalo komplekisi ya kwanza. Likizibwa, mambo mawili hutokea kwa pamoja: ATP hupungua, na elektroni zilizokwama huvuja, hudaka oksijeni kabla ya wakati, na kuzaa molekuli kali zinazounguza mafuta, protini na DNA ya seli. Ni kama mashine ya posho ya dizeli yenye nozeli chafu, unga kidogo na moshi mwingi.

Ubongo una asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia takriban asilimia 20 ya nishati yake. Ndani ya ubongo huo, seli za sabstansia nigra zimetwishwa mzigo usio wa kawaida. Seli moja hutawanya matawi yake hadi kufikia sehemu za kukutana na seli nyingine zinazokadiriwa kuzidi milioni 1. Matawi hayo yote yanahitaji ATP. Seli hizi pia hujipigia mapigo ya umeme zenyewe mchana na usiku, huku zikiingiza kalsiamu ambayo lazima isukumwe nje tena kwa gharama ya nishati. Dopamini yenyewe huoksidika kwa urahisi na kuongeza sumu ndani ya seli. Seli kama hiyo huishi karibu kabisa na kikomo cha uwezo wake tangu ujanani. Hitilafu ndogo ya mitokondria, ambayo seli ya msuli ingeistahimili, kwake inatosha kuiua.

Ushahidi wa mambo haya haukuanzia maabara. Ulianzia kwa bahati mbaya huko California mwaka 1982, vijana waliojidunga heroini bandia walipofikishwa hospitalini wakiwa wamekakamaa kama wazee wa Parkinson waliougua miaka mingi. Daktari William Langston na wenzake walifuatilia mpaka wakaipata kemikali iliyoingia kimakosa katika dawa hiyo, MPTP. Ikifika ubongoni hubadilika kuwa MPP+, hupenya katika seli za dopamini kupitia mlango ule ule unaorudisha dopamini, kisha huziba komplekisi ya kwanza. Kwa mkulima wa Funyula upande wa Kenya, au wa Nagongera upande wa Uganda, kuna jambo moja hapo la kumshtua: umbo la MPP+ linafanana mno na la parakwati, dawa ya magugu inayojulikana zaidi kwa jina la Gramoxone.

Miaka 7 baadaye, mwaka 1989, Anthony Schapira na wenzake mjini London walipima ubongo wa watu waliokufa na Parkinson ya kawaida, ambao hawakuwahi kugusa MPTP, wakakuta komplekisi ya kwanza imedhoofika katika sabstansia nigra. Kisha jeni zikazungumza. Jeni ya Parkin iligunduliwa Japani mwaka 1998, na ya PINK1 mwaka 2004. Katika seli yenye afya, protini ya PINK1 hujikusanya juu ya mitokondria iliyoharibika na kuiita Parkin, nayo Parkin huipiga mitokondria hiyo alama ili ipelekwe kuvunjwavunjwa katika laisosomu. Waliorithi kasoro katika jeni hizo mara nyingi huugua wakiwa bado vijana, kwa sababu mitokondria mbovu hubaki ndani ya seli zikiendelea kuvuja. Mwaka 2023 kundi la watafiti wakiwemo Wanigeria lilitangaza tofauti katika jeni ya GBA1 iliyo ya kawaida kwa watu wenye asili ya Kiafrika, ambayo nakala yake moja huongeza uwezekano wa kuugua kwa takriban mara moja na nusu. GBA1 hutengeneza kimeng'enya cha laisosomu, mahali pale pale ambapo mitokondria chakavu hupelekwa.

Mitokondria si hadithi nzima. Umri, protini ya alfa-sinukleini inayoganda ndani ya seli, na mchochota ndani ya ubongo vyote vimo. Lakini njia nyingi zinazochunguzwa hupita hapo wakati fulani.

Mwaka 2000, Timothy Greenamyre na wenzake katika Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, waliwapitishia panya rotenoni kidogo kidogo katika mshipa wa damu kwa muda wa wiki kadhaa. Rotenoni huziba komplekisi ya kwanza mwili mzima, kuanzia maini hadi ngozi. Hata hivyo baadhi ya panya hao walipoteza zaidi seli za sabstansia nigra, na wakaanza kukakamaa na kwenda polepole. Sumu ilienea kila mahali, lakini zilizoshindwa kuivumilia ni seli zile zile.

Rotenoni si ngeni katika ukanda huu. Imo katika utupa, kile kichaka ambacho wakulima wa magharibi mwa Kenya na wa Uganda hukipanda kufukuza fuko shambani na kurutubisha udongo, na ambacho majani yake yakipondwa na kutupwa mtoni huwafanya samaki waelee. Samaki hufa kwa sababu rotenoni huingia kupitia mashavuni mwao na kuzinyima seli zao nishati. Binadamu anayemla samaki huyo hapati dozi ile ya panya wa Atlanta: tumbo hufyonza rotenoni kidogo, na jua huivunja upesi. Hakuna sababu ya kung'oa utupa uliopandwa pembezoni mwa shamba la mihogo. Ipo sababu nzuri ya kutoigeuza sumu hiyo kuwa unga wa kupulizia bila kinga, na ya kuheshimu sheria zinazokataza sumu katika maji ya uvuvi, iwe Mto Sio au ufuoni Majanji na Port Victoria.

Mfano mwingine ni stafeli. Katika kisiwa cha Guadeloupe, mwaka 1999 madaktari waliripoti wagonjwa wengi kupita kiasi wa aina ya Parkinson isiyosikia dawa vizuri, wengi wao wakiwa watumiaji wa matunda na chai ya majani ya mstafeli na jamii yake. Ndani ya mmea huo mna anonasini, kizibo kingine cha komplekisi ya kwanza. Uhusiano huo ungali ukijadiliwa. Lakini katika masoko yetu majani ya mstafeli yanasifiwa kuwa tiba ya saratani na watu huyachemsha na kuyanywa kila siku kwa miezi. Kula tunda kwa msimu ni jambo moja, na kunywa mchemsho huo kila asubuhi kwa mwaka mzima ni jambo jingine. Wauzaji hawana haki ya kunyamazia tofauti hiyo.

Uzito wa hoja, hata hivyo, uko kwenye dawa za mashambani. Mwaka 2011 Caroline Tanner na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wapulizia dawa na wenza wao katika majimbo ya Iowa na North Carolina nchini Marekani. Waliotumia parakwati au rotenoni walikuwa na uwezekano wa kuwa na Parkinson wa takriban mara 2.5 kuliko wasiozitumia. Parakwati haizibi komplekisi ya kwanza kwa nguvu kama MPP+. Hupora elektroni na kuzikabidhi kwa oksijeni, tena na tena, na matokeo yake ni molekuli zile zile zinazounguza. Katika uchambuzi wa baadaye wa kundi hilo, uhusiano wa parakwati na Parkinson ulionekana kwa wale waliopulizia bila glavu. Kwa waliovaa glavu za kukinga haukuonekana.

Kampuni ya Syngenta, inayomiliki jina la Gramoxone, inakana kwamba parakwati husababisha Parkinson, na maelfu ya kesi zimefunguliwa dhidi yake Marekani. Ni kweli kwamba takwimu za namna hiyo huonyesha uhusiano, hazithibitishi chanzo kwa mgonjwa mmoja mmoja. Lakini Uswisi, nyumbani kwa kampuni hiyo, iliacha kuiruhusu tangu 1989. Umoja wa Ulaya uliiondoa mwaka 2007 baada ya uamuzi wa mahakama. China na Brazili zilifuata. Kiwanda cha Huddersfield, Uingereza, kiliendelea kuitengeneza kwa ajili ya mashamba ya nchi nyingine. Nchi inayoona bidhaa haifai kwa wakulima wake na bado inaiuza kwa wakulima wa wengine imeshatoa hukumu kwa vitendo, na wanunuzi wanapaswa kuisoma hukumu hiyo.

Sasa tusimame pale Busia penyewe. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, na malori yanapita kwa kasi zaidi. Pembeni yake, njia za panya zinaendelea na biashara yake kama zamani. Nchini Kenya dawa za mashamba husajiliwa na bodi ya PCPB. Uganda ina bodi yake ya kemikali za kilimo. Kinachofungiwa upande mmoja kinaweza kuvuka kwa boda boda kabla ya jua kuchwa, kikamiminwa katika chupa za soda na kuuzwa bila lebo. Mkulima anayenunua chupa hiyo hajui alichobeba mgongoni katika bomba lake la kupulizia. Glavu nzito za mpira hupandisha joto na hugharimu pesa. Mvua za masika zinapofuatana, magugu hayamngoji, na vijana ambao wangeshika majembe wako kwenye pikipiki mjini. Kumlaumu mkulima huyo ni dhuluma. Wa kulaumiwa ni serikali mbili zinazoweza kukubaliana kupitisha kontena kwa muhuri mmoja lakini hazina orodha moja ya sumu.

Bodi hizo mbili zinapaswa kuketi pamoja, na parakwati iwe ya kwanza mezani. Ifungiwe pande zote kwa siku moja, na mkulima apewe msaada wa zana za palizi badala yake. Kuifungia upande mmoja tu ni kuwatajirisha wanaovusha usiku.

Kisha watu wahesabiwe. Hilo si ombi kubwa kwa eneo hili, kwani pengine ni vigumu kuipata sehemu nyingine ya Afrika Mashariki iliyohesabiwa mara nyingi zaidi. Mwaka 1998 Edward Miguel na Michael Kremer walianza kufuatilia dawa za minyoo katika shule 75 za kusini mwa Busia ya Kenya, na watoto wale wamefuatwa hadi utu uzima. Kremer aligawana Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019. Nagongera, Tororo, watafiti wa malaria walihesabu hata mbu, wakakadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea mara 310 kwa mwaka. Kama mbu wa Nagongera wana takwimu zao, wazee wa Nagongera wanastahili zao.

Mfano wa kufuatwa uko wilayani Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro. Watafiti wa Tanzania na Uingereza, wakiwemo Catherine Dotchin na Richard Walker wa Newcastle, walipita nyumba kwa nyumba katika eneo la watu 161,071, wakachapisha matokeo yao mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33. Asilimia 78 kati yao hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote wanaugua nini. Walikuwa wameishi na ugonjwa huo kwa wastani wa takriban miaka mitano.

Kazi ya Hai imezaa mradi mpana zaidi uitwao TraPCAf, unaochunguza Parkinson katika nchi 7 za Afrika: Misri, Ethiopia, Ghana, Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Uganda haimo. Kwa maneno mengine, mstari wa utafiti unakatika pale pale pa mpaka, ilhali Wateso wa Amagoro na Wateso wa Tororo ni jamaa, Wasamia wamo pande zote mbili, na wote hao wanalima mihogo na wimbi na kununua dawa kutoka maduka yale yale ya agroveti. Kulinganisha familia za ukoo mmoja zilizo chini ya sheria mbili za dawa za mashamba ni nafasi ambayo wanasayansi wengi wangeitamani. Wizara ya Afya ya Uganda na Chuo Kikuu cha Makerere zina kila sababu ya kubisha hodi.

Watendaji wapo tayari. Kenya ilizindua jeshi la wahudumu wa afya ya jamii 100,000 Septemba 2023, na Uganda ina timu zake za afya za vijiji, VHT. Maswali ya kuanzia ni machache: mikono inatetemeka ukiwa umekaa? Umeanza kuburuta miguu? Maandishi au hatua zako zimekuwa ndogo? Unapata shida kuinuka kitini? Anayejibu ndiyo apelekwe kwa tabibu aliyefunzwa kumpima. Kwa wakulima liongezwe swali la dawa walizopulizia, kwa miaka mingapi, na kama walivaa glavu.

Kuna watakaosema: mgonjwa akishapatikana, mtamfanyia nini? Ni swali la haki, kwa sababu dawa ya kuponya mitokondria bado haijapatikana. Koenzaimu Q10 ilijaribiwa kwa wagonjwa mamia huko Marekani na Kanada ikashindwa, na jaribio kubwa la kriatini liliishia vivyo hivyo mwaka 2015. Anayeuza kopo la virutubisho sokoni Malaba kwa ahadi ya kufufua seli za ubongo anamwibia mgonjwa. Seli zilizokufa hazirudi, na ndiyo sababu kuzuia sumu kuna maana kubwa kiasi hiki.

Lakini dopamini inayokosekana inaweza kufidiwa. Levodopa, iliyoanza kutumika miaka ya 1960, huchanganywa na kabidopa na imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO. Humrudishia mgonjwa miaka ya kutembea, kula kwa mkono wake na kuongea akasikika. Hata mbegu za upupu zina levodopa ya asili, na nchini Bolivia unga wake uliokaangwa ulijaribiwa kwa wagonjwa chini ya uangalizi wa madaktari kwa matokeo ya kutia moyo. Kupima dozi yake nyumbani ni hatari, na upupu usiwe kisingizio cha serikali kuacha kununua vidonge. Hospitali ya rufaa ya Busia na hospitali ya Tororo ziwe na levodopa mwaka mzima, si kwa wiki mbili kisha mgonjwa aambiwe akajaribu Kisumu au Kampala. Dozi huchukuliwa mara tatu au zaidi kwa siku, na ikikatika ghafla mwili hukakamaa tena, wakati mwingine kwa kiwango cha kuhatarisha maisha. Kwa hiyo bajeti ya dawa hiyo ipangwe kabla wahudumu hawajatumwa vijijini kuuliza maswali, ili watakaokutwa wapate kidonge wiki hiyo hiyo.